Kapteri Kubwa ya Marki Ndogo

Kibao cha mbele ya nyumba ya Kamaldine, pale Kasongo, kinabeba watu wane, na asubuhi ile kilibeba wane wenye kujua kila kitu. Kamaldine, fundi wa redio, jina lake la kibaoni ni Onde, kama mawimbi ya redio. Iliasi muchuuzi ni Barabara, maana kila mwezi anapanda moto, pikipiki yake, mpaka Bukavu kuleta mali. Alimasi ni mupiga picha. Marcellin wanamwita Lisansi: miaka sita diploma ya économie imelala sandukuni, kazi hakuna, na hasira yake haijawahi kuchukua congé, hata likizo ya siku moja. Birika ya kahawa ilikuwa katikati. Ikiisha, Iliasi ataondoka na apareyi ya picha ya zamani ya Alimasi, aibadilishe kule. Alete gani? Hapo ndipo maneno yalipoanza.

— Ya marki kubwa, kampuni yenye jina, iko na kapteri kidogo kama kucha, Alimasi alisema. Ile ya marki yenye hakuna mutu anaijua, kapteri yake ni kama biskwi. Na kapteri, jicho la ndani ya apareyi, njo inapokea mwangaza. Bei ni moja. Sasa wadogo wanawezaje?

— C'est simple, Marcellin alijibu. Mama muuza muchele mwenye hana jina sokoni anafanya nini? Anajaza kopo mpaka inafanya mulima. Mwenye jina anapitisha kijiti juu, anakata. Marki ndogo inakupa mulima wa kapteri, halafu inatosha, inaondoa vingine. Zoom hakuna, flash hakuna.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Onde akasema.

— Ile methali imeingiaje hapa? Marcellin akauliza.

— Zoom haiko, na lake haliko. Weye ulisoma nini? Tena kuko siri. Wakubwa wanatupa kapteri kidogo makusudi, tuone kidogo.

— Ndani ya kapteri kuko dhahabu, Iliasi aliongeza. Labda ya machimbo ya Salamabila.

— Umesema, Onde akajibu. Basi ukielekeza ile kubwa kwenye shimo, dhahabu inaita ndugu zake. Wachimbaji watatupa sepetu chini, watapiga picha tu.

— Na mutu kama huyu hajawa ministre, Marcellin alisema. Franchement, nchi hii inachelewa.

Alimasi hakucheka. Tangu mupiga picha mumoja wa Bukavu aanze kushuka Kasongo na kapteri kubwa, harusi zote zilimkimbia.

— Watu wanapenda uso ubaki peke yake, vya nyuma vipotee, na kapteri kubwa inafanya vile. Yangu inaonyesha vyote. Mbuzi, sahani, kamba ya nguo.

— Basi chukua kubwa, Marcellin alisema. Ça ne se discute pas, hakuna kubishana.

— Kubwa, Onde alisema.

— Kubwa, Iliasi alisema, akamimina kikombe cha mwisho.

Ndipo alipofika Emilienne, binti wa wakulima wa njia ya Lusangi, aliyeolewa Pasaka. Alisalimia wapapa, akafungua plastiki, akatoa picha.

— Papa Alimasi, hii alipiga ule wa Bukavu. Lakini weye ni fundi.

Uso wake ulikuwa humo, nyusi moja moja. Nyuma ya bega palikuwa na kitu cha kijani, kama moshi.

— Ile ya kijani ni mama. Alikuwa ananipangia vwali, ile shela ya harusi. Mwezi uliopita tulimuzika, na picha yake ingine hatuna. Hii apareyi kubwa, sura yake ilibakia mule ndani? Munaweza kuitosha, itoke inje?

Onde alitafuta methali. Iliasi aligeuza kikombe tupu. Marcellin alikuwa na jibu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kwa lugha zote mbili lilikuwa neno moja: hapana. Akalimeza na mashapo ya kahawa.

Birika ilikuwa imeisha. Iliasi alikaa juu ya moto yake.

— Alimasi, nilete gani?

Alimasi alinyoosha mukono.

— Rudisha apareyi yangu.

Aliipangusa kwa shati, akamugeukia Emilienne.

— Papa yako iko? Picha yake munayo?

— Iko shambani. Picha hakuna.

— Twende.