Fisi Bado Yuko Kisimani

PRISCAH: Haloo? Nani mwenzangu?

BYRON: Mama Bev, habari ya jioni. Ni Byron.

PRISCAH: Byron yupi?

BYRON: Wa chuo, Homa Bay. Tulikuja huko Kisegi kufunza watoto kusoma. Wale wa tishati za kijani—

PRISCAH: Aa. Tishati naikumbuka. Uso sikuuona, ulikuwa nyuma ya kamera.

BYRON: [anacheka kidogo] Mama Bev, wewe nawe. Sasa, Jumamosi tunarudi na wageni. Wanataka kuona vile watoto wanaendelea. Naomba uniitie wale wa ploti yenu. Wageni wakikosa watoto, programu yetu inafungwa.

PRISCAH: Wanaendelea na nini?

BYRON: Na kusoma.

PRISCAH: Kusoma nini, mwalimu? Mlikuja na kitabu kimoja, mkasoma nusu, mkakirudisha kwa boksi mkaenda nacho.

BYRON: Vitabu ni vya klabu yetu ya chuo. Vikibaki huko vitachafuka.

PRISCAH: Ni kweli. Kitabu kikisomwa huchafuka.

[mtandao unakwaruza]

BYRON: Haloo? Unapotea—

PRISCAH: Mimi niko. Nyinyi ndio mlipotea. Ulimwambia Bev mtamaliza Jumamosi ijayo. Tangu hapo kila Jumamosi anavaa yunifomu, anaketi mlangoni. Nikimwambia avue, ananiambia fisi bado yuko kisimani.

BYRON: Fisi gani?

PRISCAH: Wa hadithi, Byron. Alitumbukia, mkamwacha hapo, mkaenda kupiga picha.

BYRON: Ooh. Huyo fisi.

PRISCAH: Mwambie mwenyewe kama alitoka. Bev, kuja, ni mwalimu wako.

BYRON: Ngoja kwanza, Mama Bev, usi—

BEVERLYNE: Habari yako, ticha.

BYRON: Nzuri, Bev. Eeh... fisi alitoka. Nadhani.

BEVERLYNE: Nani alimtoa?

BYRON: Hapo... hapo mimi sikufika.

BEVERLYNE: Tulimtoa sisi jana, mimi na rafiki yangu Shamima. Tulichoka kungoja. Tukamshushia kamba.

BYRON: Safi sana. Halafu?

BEVERLYNE: Alikuwa na njaa.

BYRON: Akakula nini?

BEVERLYNE: Ticha.

[Priscah anachukua simu]

PRISCAH: Umemsikia. Watoto nitakuitia. Lakini kitabu kije, na kibaki.

BYRON: Mama Bev, mwenyekiti wa klabu akijua—

PRISCAH: Kitabaki?

BYRON: [anashusha pumzi] Kitabaki. Nitakitoa kwa boksi mimi mwenyewe. Kredo inaisha, hebu niulizie Bev, huyo ticha alikuwa amevaa tishati ya rangi ga—