Baiskeli ya Nne Nilisema ni ya Mama

Bismillahi. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mlioko huko upande wa jikoni, shikamooni nanyi. Vijana, marahaba, ingawa hamjaniamkia, maana naona mnavyochekeana na najua mnachekea nini. Mmeiona ile baiskeli mpya barazani kwangu. Chekeni, lakini kwa masikio wazi.

Tumekuja kusuka machela mpya ya kubebea wagonjwa, na nimemwomba jirani yetu anayeitunza ile ya zamani anipe nafasi kidogo kabla ya chakula. Sitamtaja mtu kwa jina. Mnanijua, mimi ni mtu wa duka. Babu alipanda huku na msafara kutoka pwani, mama yangu akaletwa akiwa bibi harusi, na mimi nimezaliwa hapa Nyaishozi katikati ya migomba yenu. Kinyambo changu kinawavunja mbavu, kwa hiyo nitasema Kiswahili, na asiyeelewa amguse aliye karibu naye.

Baiskeli ya kwanza niliiona kwenye njia ya Bukoba. Nilikuwa nimekaa kando, nakunywa maji, mara Mdachi mmoja mpima ardhi akatokea juu ya kilima. Alikuwa anateremka, miguu haigusi chini, na hapumui kama mtu anayekimbia. Akanipita hivi, upepo ukanigusa uso. Ndugu zangu, nawaambia, kibuyu kilinitoka mkononi. Kitu cha magurudumu mawili, ukikiacha kinaanguka kama mlevi, lakini ukikipanda kikaenda kinasimama wima. Nikasema Subhanallah. Naisema tena leo mbele yenu na sioni haya. Nimezipanda miaka hii yote na bado sijui kile kitu kinasimamaje.

Basi nikatoa ngozi zangu za msimu mzima, nikapata moja Bukoba kwa mwenye duka. Mama aliponiona naikokota uani akaweka ungo chini, akauliza, "Na hii ya nini, mwanangu?" Nikamwambia nitafika Bukoba kwa siku mbili badala ya nne. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa kila mlima nilikuwa naisukuma mimi. Mama akakubali, akarudi kwenye mchele wake.

Ya pili nilisema ni ya masika, kwa kuwa ina mipira minene na ile ya kwanza inazama kwenye matope. Mama akauliza, nikamjibu. Ya tatu niliuziwa na mtu aliyekuwa anahama. Hiyo nilisema ni ya kuzipumzisha zile mbili.

"Zinachoka?" mama akauliza. "Basi zikatie majani kama ng'ombe." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, mwenye sababu moja namwelewa. Mwenye sababu nyingi namtazama usoni."

Nilimwona kama mzee wa zamani tu. Sikujua kwamba alikuwa ananionea huruma.

Sasa nije kwenye lililo zito. Desturi ya kilima hiki hakuna asiyeijua. Mtu akiugua au akivunjika, pembe inalia, na kila nyumba inatoa bega. Hakuna anayeuliza mgonjwa ni wa dini gani wala wa ukoo gani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifunga duka na kwenda. Mimi nilipopata magurudumu nikaanza kujiona nimetoka katika hesabu ya watu wa mguu. Pembe ikilia nasema nina safari ya Bugomora, ngozi zinaningoja. Ikilia tena nasema mguu unaniuma. Siku moja nikabuni jambo ambalo mfanyabiashara tu ndiye angelibuni. Nikafunga chumvi kwenye jani la mgomba, fungu kubwa, nikalipeleka kwa jirani anayetunza machela. Nikamwambia, hii waile watakaobeba, iwe badala ya bega langu.

Alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa adabu. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Chumvi wakati ule mnajua ilivyokuwa adimu. Nilidhani nimewapa zaidi ya walichonidai.

Ndipo ikaja baiskeli ya nne. Niliisikia kwa watu kabla ya kuiona, kwamba ipo Bukoba, nyeusi, ina kengele, na ina keria pana nyuma. Usingizi ukapungua. Sababu za safari zilikwisha, za masika zilikwisha, za kupumzisha nilikuwa naona aibu kuzirudia. Nikatafuta sababu nyingine, na Mungu anisamehe, nikamkuta mama yangu ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Mama, hii ya nne ni yako," nikamwambia. "Nitakupakia nyuma, nikupeleke Nyabiyonza kwa shoga yako."

Yeye na shoga yake huyo walikuja huku kwa msafara mmoja, mabibi harusi wawili, na mama alikuwa hajamwona kwa miaka. Ilipofika, nikamshonea mto wa kitambaa cha marekani, nikaujaza sufi, nikaufunga kwenye keria. Mama aliupapasa ule mto kwa kiganja. Safari hii hakuuliza ya nini. Alisema, "Mungu akubariki, mwanangu." Alikuwa ameniamini.

Na mimi nikaipanda peke yangu. Nilikuwa naipanda kila alasiri, nateremka hadi bondeni, napiga kengele hata pasipo na mtu. Ule mto nikaufungia ngozi za biashara, ukanuka ngozi. Mara mbili mama alioga, akajitanda kanga yake nzuri, akakaa barazani kuningoja. Mara mbili nilimwambia kesho. Ndugu zangu, hapa pananiuma kupasema. Ile mara ya pili hakuivua kanga mpaka jua lilipotua.

Asubuhi moja ya mvua, mama aliteleza kwenye maganda ya mgomba nyuma ya jiko. Mfupa wa muundi ulivunjika, mguu ukakaa upande usiokuwa wake. Mwunga mifupa tuliyemtegemea sote anakaa Nyabiyonza, na wazee walishatuambia, mfupa kama ule usipofungwa mapema, mguu unaoza na mtu unampoteza. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri baiskeli. Nawaambia ukweli, ndani ya hofu yangu kulikuwa na kafuraha kadogo. Nilijisemea, leo watu wataona kwamba sikununua bure.

Nikamwinua mama, nikamketisha juu ya ule mto, nikamwambia anishike kiuno. Magurudumu yalizunguka labda mara tatu. Mguu wake ulikuwa unaning'inia, na njia yetu mnaijua ilivyo na mawe. Mama yangu, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alilia kilio ambacho nyumba zote za upande huu zilikisikia. Kisha akanishika shati, akasema polepole, "Nishushe, mwanangu. Inatosha. Nishushe."

Nikamshusha. Nikakaa chini kwenye matope, kichwa chake mapajani mwangu. Baiskeli ya nne ilikuwa imeanguka njiani, na zile tatu zilikuwa zimeegemea ukuta, safi, zimepakwa mafuta. Nilikuwa na magurudumu manane na sikuwa na njia ya kumfikisha mama yangu Nyabiyonza. Pembe sikuipiga. Ningeipiga kwa uso gani?

Haikuhitaji kupigwa. Waliosikia kile kilio walikuja wenyewe, wanaume wanane, na machela ikiwa begani. Jirani yetu alikuwa mbele. Alimpa pole mama, akamwita "mama yetu," akaonyesha wenzake pa kuweka machela. Kisha akanijia mimi. Mkononi alikuwa na fungu limefungwa kwenye jani la mgomba, jeusi kwa moshi. Nililitazama nisilitambue.

"Jirani, chumvi yako hii," akasema. "Tuliitundika juu ya jiko isiloe. Hatukuila. Bega halina badala. Leo lilete."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika, ningepata la kujibu. Nililiweka lile fungu barazani, nikavua kanzu, nikaingia chini ya mti wa machela.

Ndugu zangu, vijana mliozaliwa mkiyaona haya mnadhani ni mambo ya kawaida. Nisikilizeni mimi niliyeyaona ukubwani. Mti ulipogusa bega langu nilianza kutembea kama nilivyozoea, na machela ikayumba. Aliye nyuma yangu akaninong'oneza, "Fupisha hatua. Piga goti kidogo. Usitazame chini, sikiliza." Nikasikiliza. Walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, na ule wimbo ndio uliokuwa unashika miguu yote. Baada ya muda sikujua tena hatua yangu ni ipi na ya mwenzangu ni ipi. Kwenye mteremko, wa mbele waliinua mti hadi juu ya vichwa na wa nyuma wakaushusha mpaka kiunoni, na mama akabaki amelala sawa, hajainama hata kidogo. Kwenye mlima wakageuza. Hakuna aliyetoa amri.

Tulipochoka, sikuona mtu akisimama kupumzika. Bega moja linatoka, bega jingine linaingia, na mgonjwa hajui. Tulipokaribia kilima kinachofuata, watu walikuwa wameshasikia wimbo, wameacha majembe, wanangoja njiani. Wakaingia chini ya mti na matope yao miguuni. Hawakuuliza ni mama wa nani. Bondeni, penye matete, walituvusha maji yakiwafika kifuani, na mama hakulowa hata ncha ya kanga. Mimi niliyemshangaa Mdachi kwa kuteremka kilima kimoja, nilikuwa nimeishi miaka yote kando ya jambo hili, napiga kengele.

Kabla ya alasiri nilipata zamu ya kutembea kando yake. Nikainama nimsemeshe, nikaogopa, maana macho alikuwa ameyafumba. Nikaweka sikio. Mama yangu alikuwa amelala usingizi. Na mguu umevunjika, juu ya mabega ya watu wasiomjua, amelala kama mtoto mgongoni. Nililia njia nzima hadi kwa mwunga mifupa, na hakuna aliyenicheka. Ndivyo alivyofika Nyabiyonza niliyomwahidi.

Shoga yake alimpokea na kumuuguza. Mfupa ulifungwa kwa vijiti na dawa, ukashika. Kila Ijumaa nilikwenda kumwona kwa miguu. Miezi mitatu ilipopita nikaenda kumrudisha na ile baiskeli ya nne, mto nimeufua na kuuanika mpaka harufu ikatoka. Nilimpakia, nikaisukuma kwa mkono karibu njia yote. Ule mteremko laini wa mwisho, kabla ya kuingia Nyaishozi, akaniambia, "Panda basi, nami nione." Nikapanda. Tukateremka, upepo ukavuta kanga yake, naye akanishika kwa nguvu mpaka tulipofika chini. Hapo akasema, "Subhanallah. Mwanangu, kinasimamaje?"

Nikamwambia sijui, mama. Tukasimama pale wote wawili, tunaitazama.

Naona vijana mnataka kujua habari ya hii ya tano. Nakuja. Moja kati ya zile nne nimeiweka kwa jirani, karibu na machela, ili pembe ikilia mmoja atangulie kuwaarifu watu wa kilima cha mbele. Mwaka huu imefanya hivyo mara kadhaa. Hiyo ndiyo baiskeli yangu pekee yenye sababu isiyotetereka. Lakini juzi, ngozi zilipouzika, nilirudi na hii ya kijani. Mama alikuwa barazani na fimbo yake. Akaitazama, akanitazama mimi usoni. "Na hii ya nini?"

Sababu zikaja, wallahi, zikajipanga kama mbuzi mlangoni, kila moja inataka kutoka kwanza. Ya kubebea dawa. Ya kufundishia vijana. Nilizimeza zote.

"Sina sababu, mama," nikasema. "Naipenda tu."

Akacheka mpaka fimbo ikamtoka. "Leo ndiyo umeniambia kweli. Basi iegeshe ndani, isinyeshewe."

Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu ambaye yuko huko nyuma na najua ananisikia. Namshukuru mwunga mifupa, na shoga ya mama, na watu wa vilima vile ambao hata leo siwajui majina. Nawashukuru ninyi mabega manane, na wewe jirani uliyenirudishia changu. Nilichojifunza ni kidogo. Ukipenda kitu, sema unakipenda, usimpakie mama yako juu ya uongo wako. Na watu wakiitana, nenda mwenyewe.

Lile fungu la chumvi nililitundika juu ya jiko langu, likazidi kuwa jeusi. Leo asubuhi nililishusha. Maharage mnayoyasikia harufu yake huko jikoni yameungwa kwa chumvi hiyo. Naomba sasa muile. Karibuni, tunawe mikono.