Nilivyostaafishwa Kazi ya Ujumbe wa Baba na Mama Kule Kasanga

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na wale wa karismatiki, Bwana asifiwe! Itikieni huko huko mnakosomea, Mungu anasikia.

Mimi ni Deo, mtoto wa fundi seremala wa Milanzi, kidato cha tatu, yule aliyetolewa kwaya kwa kuwachekesha wa sauti ya pili. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniambia ushuhuda wangu niuandike, nisisimame kuusema, kwa sababu mimi nikisimama huwa sijui kukaa. Nimetii. Lakini Mungu amenitendea makuu na siwezi kunyamaza.

Ndugu zangu, nilikuwa kifungoni! Wengine huja hapa wakashuhudia walivyofungwa na pombe, na wengine na kamari. Mimi nilifungwa na baba na mama walionizaa. Nilikuwa simu yao.

Ilianza hivi. Baba anatengeneza vitanda. Maharusi wengi wa mji huu wamelala juu ya jasho la baba yangu. Lakini kitanda cha nyumbani, kile anacholalia mama, mguu mmoja ulikuwa umeegemezwa tofali. Mama alikumbusha, akakumbusha, akachoka. Baba alikuwa na jibu moja tu: "Nikimaliza kazi za watu." Basi usiku mmoja tukasikia kishindo. Tofali limekwenda huku, chaga zimekwenda kule, mama yuko chini na mto kichwani.

Na baba, ndugu zangu, akacheka.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilikuwa naanza kucheka, nikaona macho ya mama, kicheko kikarudi kilikotoka. Kuanzia hapo mama hakumsemesha baba. Na baba naye, ana kiburi cha mninga, akasema moyoni, kama hunisemeshi na mimi sikusemeshi.

Sasa nyumba haiwezi kukaa bila maneno. Maneno yakapitia kwangu.

"Deo, mwambie baba yako uji uko mezani."

Baba yuko pale pale! Goti lake linagusa meza! Lakini hageuki mpaka nimwambie.

"Baba, uji uko mezani."

"Mwambie mama yako nimeuona."

Nilijaribu kutia sukari. Baba akisema, "Mwambie mama yako chumvi imezidi," mimi nasema, "Mama, baba anasema asante kwa chakula, ila tafadhali, chumvi kidogo." Mama ananitazama juu mpaka chini. "Baba yako hajawahi kusema tafadhali tangu anioe. Kamwambie nimesikia alichosema, si ulichosema wewe." Nimepigwa huku na huku kama ngoma ya kuazima. Shuleni nikawa nasinzia. Mshikaji wangu mmoja akaniuliza, "Mbona unaongea peke yako?" Nikamwambia nafanya mazoezi ya ujumbe wa jioni.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Siku moja asubuhi mama aliniita jikoni, akafunga mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Deo, mwambie baba yako Jumatatu ninakwenda kwetu Mwazye. Ninakwenda na mdogo wako. Sijui narudi lini."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikatoka. Baba alikuwa karakana, anapiga randa, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akauliza, "Amesema nini?" Ndugu zangu, ulimi uligoma. Nikasema, "Anasema leo upepo ni mkali." Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye magunia ya ulezi, nikaomba. Mimi huwa naomba kwa mzaha, mnanijua. Siku ile sikuwa na mzaha. Nilisema: Bwana, huu ujumbe siufikishi. Kama unataka ufike, uupeleke wewe mwenyewe. Lakini nakusihi, na wewe usiupeleke.

Bwana akajibu kupitia Mwislamu! Mnaona maajabu? Jioni ile ile, gari la Mzee Salumu likasimama kwetu. Mzee huyu ana maduka mjini na Fuso zake zinapeleka saruji Kasanga, bandarini. Kule amejenga nyumba ya wageni ufukweni, na vitanda vyote ametengeneza baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama Deo hajambo? Fundi, sikia. Vitanda vimefika salama, lakini sitaki mpangaji avilalie kabla ya fundi mwenyewe. Mje Ijumaa, wewe na mama, mlale mpaka Jumapili. Msilete kazi wala nyundo. Wawili tu, mle samaki, mtazame maji. Mimi na mke wangu tukinuniana huwa tunashuka ziwani. Hatujawahi kupandisha hasira mlimani, ni nzito."

Mzee Salumu hakataliki. Amewapa kazi nusu ya mafundi wa Milanzi, na ndevu zake ni nyeupe. Mama akanivuta pembeni. "Mwambie baba yako nitakwenda kwa heshima ya mzee. Lakini ya Jumatatu iko pale pale. Ulimwambia?"

"Bado namtafutia nafasi, mama."

Basi mzee amesema wawili. Lakini watu wasiosemeshana watakwendaje mapumziko bila simu? Ijumaa tukapanda Fuso: dereva, baba, mimi, mama. Mdogo wangu akabaki kwa bibi. Na sisi watu wa Ufipa mnatujua, hatuendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama ametualika kupumzika. Mama alibeba debe la unga, maharage, na jogoo. Halafu, kwa kuwa asubuhi ya kwetu ilikuwa na baridi ya kukata masikio, akaongeza blanketi mbili nzito. Baba alivaa lile koti lake la sufu, na sweta ndani. Tunakwenda ziwani! Kule watu wanalala kifua wazi!

Tulipofika mahali ambapo nchi ya juu inaishia na barabara inaanza kudondoka, dereva akasimama. Ziwa Tanganyika likaonekana chini, bluu, limelala kati ya milima, na ng'ambo kule Kongo kama moshi. Hata mimi nilinyamaza, jambo ambalo walimu wangu wamelitafuta miaka mitatu. Dereva akasema, "Wapenzi wote huwa nawapiga picha hapa. Baba, sogea kwa mama." Baba akanisogeza mimi. Mama akamshika jogoo. Ile picha ninayo: milima, ziwa, baba upande huu, mama upande ule, katikati mimi na jogoo, na anayetabasamu ni jogoo.

Kasanga joto likatupokea kwa mikono miwili. Baba alitoka jasho mpaka koti likanuka kama kondoo aliyenyeshewa. Hakulivua. Mama akaniambia, "Mwambie baba yako avue koti, atakufa." Baba akasema, "Mwambie sina joto." Jasho linadondoka kidevuni!

Na chumba, ndugu zangu, chumba! Dirisha linatazama maji. Neti nyeupe. Na kitanda cha mninga, kichwani kimechongwa maua, kimesuguliwa mpaka unajiona sura. Baba, badala ya kutazama ziwa, akalala chini kukagua viungo. Mama akasimama mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya yale maua, taratibu. Nikadhani sasa mambo yamekuwa poa.

"Deo," akasema, "mwambie baba yako kitanda ni kizuri sana. Muulize, hiki alikuwa anamtengenezea mke wake yupi?"

Baba alikuwa bado uvunguni. Sikulazimika kumfikishia. Hakutoka kwa muda mrefu.

Usiku ule nililala mkekani kwa Mzee Salumu, aliyekuwa ametutangulia Kasanga, nikamkumbusha Mungu: Bwana, kabla ya Jumatatu zimebaki siku mbili tu. Mimi sina mbinu tena.

Jumamosi mzee akaagiza mtumbwi wa mmoja wa wavuvi wake, awatembeze wageni kandokando ya ufukwe. Baba alisogea na koti. Mama akaingia, akakaa nyuma. Baba akakaa mbele. Mimi nikaingia katikati, mahali pangu pa kazi. Mvuvi, jamaa mmoja mfupi mwenye sauti ya filimbi ya refa, akatutazama. "Mtumbwi huu ni wa wawili na mimi. Mmoja ashuke."

Hapo, ndugu zangu, Roho aliniambia: ruka! Nikaruka. Maji mpaka magotini, viatu vya shule miguuni, nikakimbilia mchangani. Mvuvi akasukuma.

"Deo!" mama akaita.

"Deo, rudi!" baba akaita. Ilikuwa mara ya kwanza wakubaliane jambo tangu kitanda kivunjike.

Sikurudi. Sasa mjue, wazazi wangu ni watu wa juu. Maji wanayoyajua ni ya ndoo. Mawimbi mawili madogo tu yakapita, mtumbwi ukatikisika, na baba akasimama! Katikati ya mtumbwi! Na koti!

"Deo! Mwambie baba yako akae!"

"Deo! Mwambie mama yako ashike ubao!"

Mimi niko ufukweni. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa wameacha kazi wananitazama. Nikaziba masikio kwa vidole, nikaimba wimbo wa maandamano ya sadaka, beti zote. Lakini maji hayafichi maneno, na vidole vyangu ni vyembamba. Nilimsikia yule mvuvi:

"Wewe mama, mtoto yuko nchi kavu! Mwanaume yuko mbele ya pua yako! Mwambie mwenyewe kabla hatujazama!"

Likapita wimbi la tatu. Baba akaangukia mgongo ndani ya mtumbwi, miguu juu, koti limemfunika uso, kama kobe aliyepinduliwa na watoto watukutu. Kina mama wa dagaa wakapiga vigelegele. Mvuvi akacheka. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Mama tu hakucheka. Alitambaa mpaka pale, akamfunua koti usoni, akasema kwa sauti ambayo haikupitia kwangu:

"Umeumia?"

Basi. Neno moja. Nimelifikiria sana neno lile. Siku kitanda kilipovunjika, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyelisema.

Baba akamtazama, bado amelala chali. Kisha akasema, "Anastazia." Ndugu zangu, sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Kila siku ni "Mama Deo," yaani hata jina la mama yangu lilikuwa linapitia kwangu! "Anastazia, mimi sikukuuliza. Ulianguka, nikacheka. Nisamehe."

"Ulicheka sana."

"Nilicheka sana."

"Nilikuwa na nundu hapa mpaka juzi."

"Wapi? Hebu nione."

Mvuvi, mtu wa Mungu yule, akageuka akapiga kasia kuelekea mbali, nisisikie tena. Walirudi jua likiwa limeinama. Baba alikuwa amevua koti, na mama alikuwa amelikalia.

Jioni ile walikula samaki, wao wawili tu, barazani, wakitazama maji. Nilipopita mara ya nne kuona kama kuna ujumbe, baba akaniambia, "Wewe huna rafiki?" Nilienda kukaa na jogoo.

Jumapili baada ya misa mama aliniita kando. "Deo, ule ujumbe wangu wa Mwazye. Ulimfikishia baba yako?"

"Hapana, mama. Ulimi uligoma."

Akaniangalia sana. Nilingoja kofi. Akanitengeneza kola ya shati, ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Mjumbe mbaya wewe," akasema. "Acha. Nimemwambia mwenyewe jana, kule majini. Alilia." Halafu akakaza sauti, "Na usiwaambie watu." Mama, samahani, ushuhuda una sharti la ukweli.

Jumatatu nilitoka shule nikikimbia, kwa sababu imani yangu ilikuwa bado changa. Kabla sijafika nilisikia kelele. Mama alikuwa karakana, amejifunga kanga kiunoni, anamwambia baba mbao aliyoichagua ina fundo, asimfanye mjinga. Baba anamwambia yeye ndiye fundi, fundo hilo ni urembo. Mama anasema urembo akaupeleke kwa maharusi. Baba anasema, "Haya, chagua mwenyewe basi!" Mama akachagua. Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Nilikaa kwenye rundo la maranda nikawasikiliza wakigombana, wao kwa wao, uso kwa uso, bila mimi, na nawaambieni, hakuna kwaya ya dekania iliyowahi kuimba vizuri vile.

Kitanda kipya kipo. Sina la kusema zaidi juu yake.

Namshukuru Mungu, aliyenitoa kazini bila barua. Namshukuru Mzee Salumu na mvuvi wake. Na ninyi wanandoa wa jumuiya hii, najua mko mliokaa benchi moja leo na mmeachiana nafasi ya gunia la mahindi katikati. Ndugu zangu, mtegemeeni Bwana! Shukeni ziwani! Kama ziwa ni mbali, pandeni hata huko milima ya Mbizi, mkae kwenye majani, muone mji wetu ulivyo mdogo. Acheni unga, acheni jogoo, acheni koti. Mwende wawili. Sisi watoto tutabaki, tutajipikia, tutaunguza sufuria, na hatutauliza mnarudi lini.