Filta Yenye Mngurumo

Fundi mmoja mwenye ovaroli lenye madoa ya mafuta alipanda basi, akaketi mbele yangu na kuigusa filta ya hewa ya gari aliyoipakata kijana aliyekaa jirani yake. "Ya wazi hii, isiyo na kasha, kaka? Gari litanguruma kama lori!"

"Ndiyo raha yake, fundi. Nguvu inaongezeka."

"Kelele ndiyo inaongezeka. Na vumbi je?"

Walibishana vituo vitatu. Mimi sina hata baiskeli, lakini nilishachagua upande.

Ghafla kijana akalainika. "Tatizo ni mama. Haoni. Hulijua gari langu kwa sauti, huja kunifungulia geti. Nilimwahidi sauti hiyo sitaigusa."

"Sasa akisikia lori?"

Basi liliposimama, kijana akashuka, akavuka barabara kungoja basi la kurudi, airudishe filta dukani.

"Lakini ina nguvu, fundi!" alipaza sauti.