Thadei Margwe, Aliyesubiri Hesabu Itimie

Baba Padri, mama yetu Verdiana mjane wa marehemu, wafiwa, majirani wa Tlawi na ninyi mliopanda huku kwa miguu tangu jana, wazee wangu shikamooni. Mimi ni Hermani, mdogo wake marehemu, niliyekuwa pia askari chini yake, na nimepewa kusoma kwa sababu ya sauti yangu kubwa, basi niliowahi kuwafokea kwa sauti hii mnisamehe.

Marehemu Thadei Margwe alizaliwa hapa Tlawi tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa pili wa mzee Margwe na mama Ludovika, akachunga ndama mpaka mwaka 1938 alipopelekwa shule ya misheni, akasoma hadi darasa la sita, akaacha mwaka 1944 kwa kuwa baba alifariki na shamba likakosa mtu.

Mwaka 1949 aliajiriwa kuwa askari wa magereza, akapata mafunzo Morogoro, akatumikia Dodoma na Arusha, na siku zile, tusidanganyane mbele ya jeneza, kazi ilikuwa kirungu na makelele, mfungwa aliitwa kwa namba, askari naye aliitwa boi, na kila mtu alimmalizia hasira aliye chini yake. Tarehe 9 Oktoba 1954 alifunga ndoa na Verdiana, binti wa Nambis, Mungu akawajalia watoto sita, wawili walitangulia wakiwa wachanga, wanne wamekaa hapa mbele, na mkubwa wao ni Mwalimu Natalia.

Baada ya Uhuru alipandishwa cheo, akavishwa nyota, na mwezi Julai 1963 akakabidhiwa gereza dogo la kilimo chini ya mlima Hanang, upande wa Endasak, lenye askari kumi na wanane na wafungwa tisini. Nami nikahamishiwa huko, nikidhani nakwenda kula raha kwa kaka, kumbe! Wiki ya kwanza alitangaza kwamba kiboko kimekwisha, kila mfungwa ataitwa kwa jina lake na la baba yake, na kila askari atashika jembe mstari mmoja na wafungwa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Tulinuna, mimi nikinuna kuliko wote, maana sikuvaa kombati ili nipalilie maharage.

Lakini hakuishia kutuamrisha tu, alizitazama nyumba zetu zilizovuja, akasema askari aliyelala akinyeshewa ataamka kumwonea mfungwa, akaandika barua nane za kuomba mabati mpaka yakaja, na kila jioni aliwafundisha kusoma askari sita wasiojua herufi, wala hakuna aliyethubutu kuwacheka mbele yake. Ilipofika Azimio la Arusha, tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila mtoro hata mmoja, na mimi mnunaji nilikuwa nawajua watoto wa wafungwa kwa majina.

Sasa nafika mahali ambapo familia iliniambia nipite haraka, nami sitapita haraka. Kulikuwa na mfungwa aitwaye Gidahosh, mfugaji wa uwanda wa Hanang, aliyefungwa miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe, na tarehe 3 Februari 1968 zikaja habari kwamba baba yake, mzee wa heshima kubwa, amefariki. Kaka alimwita, akampa pole, akamruhusu aende kuzika bila askari wa kumsindikiza, jambo ambalo sheria haikuruhusu, akampa siku saba, naye Gidahosh akajibu kwamba atazika na atarudi. Siku ya saba ilipita, na ya nane, wakati wa hesabu ya jioni wafungwa wakiwa wamechuchumaa watano watano, alikosekana mmoja.

Askari tulimsihi kaka, wale wale tulionuna, tukamwambia tuandike hesabu imetimia, tusubiri kidogo, nani atajua, akakataa katakata, akasema hawezi kutufundisha kusoma kisha atufundishe kuandika uongo. Mwandishi wa kitabu cha hesabu nilikuwa mimi, na mkono huu mnaouona ndio ulioandika, pungufu mmoja. Mwezi Aprili wakubwa walimvua nyota, wakamrudisha kwenye usajini, wakamhamishia Singida, na mkuu mpya alipofika, kiboko kilirudi kabla hajafungua hata masanduku yake.

Tarehe 20 Novemba mwaka ule ule, mchana, Gidahosh alifika getini peke yake, amejitanda shuka, sare zake za kifungo amezifua na kuzikunja kwapani. Ndipo akaeleza kwamba kwao kaburi la mzee wa heshima hujengwa na kupandishwa kidogo kidogo kwa miezi tisa, mtoto haondoki mpaka limalizike, na alishangaa kwamba tulimngoja kabla. Ole wetu, sisi tuliokulia mnada mmoja wa ng'ombe na watu wa kwao! Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumuuliza, kila mtu alihesabu kwa matanga ya kwao.

Aliongezewa kifungo, akapelekwa mkoa wa mbali, nami nikamwandikia kaka yote, na katika jibu lake hakuuliza habari za nyota, aliuliza kama yule mzee alizikwa vizuri, akaongeza kwamba kosa lilikuwa lake. Alistaafu mwaka 1972, akarudi hapa, na wakati wa kuhamia vijijini mlimwona mwenyewe akibeba mizigo ya wajane huku akiwakataza mgambo kushika fimbo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti mwaka jana, akalazwa mara tatu, na wiki za mwisho, homa ikipanda, kila jioni alimuuliza shemeji kama hesabu imetimia, shemeji akijibu imetimia, naye akitikisa kichwa na kusema mmoja bado. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 11 Juni 1977, saa kumi na moja jioni, na hilo swali hatukuwa tumelipatia jibu. Linaniuma, ndugu zangu, nasema wazi, linaniuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliombeba kwa machela wakati barabara ilipokuwa tope, na askari wenzetu mliokuja na sare zenu. Mwisho namshukuru mzee aliyekaa kule nyuma kwenye boma la ng'ombe, mwenye shuka nyekundu, aliyetembea siku mbili kutoka uwandani na kuwasili alfajiri ya leo, ambaye tangu atoke kifungoni aliona haya kuja, akisema atamtazamaje usoni mtu aliyepoteza nyota kwa ajili yake. Nilimwambia matanga yetu ni siku nne, akanijibu kwamba safari hii asipangiwe siku, basi shemeji ameshamwonyesha pa kulala.

Pumzika kwa amani, kaka. Gidahosh amerudi, na mkono ule ule ulioandika umeandika tena, hesabu imetimia.