Mama Matone Anaaga Kliniki ya Macho

Mwisho wa mwezi huu, muuguzi mkuu wa kliniki ya macho ya hospitali yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Sisi na wagonjwa tunamwita Mama Matone.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba mwenye sauti nene. Sauti ndiyo iliyobaki. Mtu mzima akija na jicho jekundu lisilosikia dawa, alifunga mlango na kumuuliza kama anasikia maumivu akienda haja ndogo. Wanaume walitoka humo wakitazama viatu vyao, ila walitoka na dawa sahihi, maana kisonono, klamidia na kaswende ni magonjwa yasiyo na adabu ya kubaki chini ya kiuno. Aliyejikausha aliambiwa mficha uchi hazai, na akizaa, mtoto ndiye atakayeumia.

Na kweli, siku moja aliletwa mtoto. Kichanga cha siku tatu, kope zimevimba, usaha unatoka kila zikifutwa. Bibi yake alishikilia kuwa ni vumbi. Mama Matone alikitambua kisonono, alichokipata mtoto wakati wa kuzaliwa, na akajua macho yale yakicheleweshwa yatapofuka. Sindano ikachomwa, macho yakaanza kusafishwa kila saa. Baba mtu, muuza nyama, alipoelezwa chanzo, alimtukana mkewe mbele ya wodi nzima, akamwambia afungashe arudi kwao, kisha akaenda zake. Yule mama akambeba mwanawe aondoke, machozi yakimtiririka.

Mama Matone alimsihi angoje, akamwachia mwenzake usafishaji, akaenda buchani. Alipanga foleni kama mteja, akanunua maini asiyoyahitaji, ndipo akamwomba muuzaji watoke nje kidogo. Hakumuuliza nani alianza. Alimwambia nyumba ikiungua tunaleta maji kwanza. Kwamba mkewe akitoka wodini mtoto atapofuka, na yeye asipotibiwa ugonjwa utarudi palepale. Baba yule alikuja na aproni yake ya damu, akachomwa sindano, akashika tochi huku macho ya mwanawe yakisafishwa.

Jicho la kushoto lilipona. La kulia lilibaki na kovu, na halioni. Tulipompongeza Mama Matone kwa lile lililopona, alilia kwa ajili ya lile jingine. Tangu hapo hakutupa usingizi hadi kila kichanga kikawa kinapakwa dawa ya macho kinapozaliwa, na wajawazito wakawa wanapimwa pamoja na waume zao.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukiwa tumeshachagua saa ya ukutani, alitaka benchi nje ya chumba cha kupimia wajawazito, ili wanaume wakome kusema hawana pa kukaa. Saa tumeirudisha dukani.

Mama, asante kwa yote. Nenda ukapumzike, afya njema na furaha viwe nawe. Benchi limewekwa. Juzi asubuhi baba mmoja alilikalia, na hakuitwa na mtu.