Erifazi Masereka, Mtu Aliyengoja Sindano Itulie

Mchungaji wetu, mama yetu Yudesi, shemeji yangu Jolly na watoto, wazee wa ukoo, maafande mliotoka kambini, majirani wa Bwera, na ninyi nyote mliofika hapa Kinyamaseke kutoka Kasese na Kasenyi, naomba mnivumilie. Mimi ni Fred Kule, niliyezaliwa nyuma ya marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami tangu jana naiogopa kazi hii, na sababu yake mtaisikia kabla sijakaa.

Marehemu Erifazi Masereka alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, hapa hapa Kinyamaseke, akiwa mtoto wa kiume wa tatu wa hayati mzee Zakayo Bwambale na mama Yudesi, na jina la Masereka alipewa kwa nafasi yake, kama ilivyo desturi yetu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 na kumaliza mwaka 1985, na mama anasema hata wakati ule moyo wake haukutulia, kwa sababu alikuwa ameuvisha mtungi wa maji gunia bichi ili maji yapoe, basi kila mapumziko alitoroka kukimbia nyumbani kulilowesha tena, akihofu limekauka. Alichapwa kwa utoro mara nyingi, lakini baba alipotoka shamba saa saba, jua likiwa utosini, alikunywa maji baridi.

Mwaka 1990, karo ya sekondari iliposhindikana, alivuka mpaka pale Mpondwe akaenda Beni, Kongo, akajifunza kutengeneza friji na viyoyozi kwa fundi aliyeitwa mzee Musitafa, na huko ndiko alikotoa kile Kiswahili chake cha ng'ambo tulichomcheka hadi tukakizoea. Alirudi mwaka 1996, na tarehe 1 Februari 1999 akafungua karakana yake Nyamwamba, mjini Kasese, mahali ambapo mabati huwaka kuanzia saa nne asubuhi, na fundi wa baridi hakosi kuitwa.

Ufundi alikuwa nao, lakini kilichofanya watu wamtafute ni ile hofu yake. Fundi wa friji akishaziba bomba linalovuja, huvuta hewa yote itoke ndani kwa pampu, hufunga koki, kisha hutazama sindano ya geji, na sindano ikipanda, ujue bado kuna tundu mahali. Wengi wetu mafundi huitazama dakika kumi, tukafungulia gesi, tukaenda zetu. Erifazi aliitazama saa nne nzima, amekaa juu ya kopo la rangi, hali chakula, na mwenye friji akimharakisha alimjibu, "Mashini haina uongo, ni mutu iko na uongo, acha sindano itulie." Kuna waliochoka naye wakaita mafundi wa haraka, na wengi wao walirudi kwake kabla ya mwezi kuisha, nao aliwapokea bila kuwasimanga.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Jolly Musimenta, binti wa polisi, ambaye alionana naye katika kambi ya polisi ya Kasese alipokwenda kufunga kiyoyozi ofisini kwa mkubwa, na shemeji anakumbuka kwamba siku ile alirudi mara tatu kukagua kiyoyozi kisichokuwa na kasoro yoyote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Docus Masika, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2000, ambaye ni askari wa jeshi letu huko Moroto, na Bright Mumbere, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2004, anayesoma Mbarara. Mwaka 2007 walihamia Bwera, na kuanzia hapo marehemu ndiye aliyetunza friji ya chanjo ya kituo kimoja cha afya huko, na umeme ukikatika, mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu kabla mwuguzi hajapiga.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa, na dada Sylivia wa Kasenyi, naomba unisikilize vizuri.

Mwezi wa Septemba 2013, marehemu alikuwa Bwera na friji ya chanjo, akanituma mimi peke yangu, niliyekuwa fundi wake, Kasenyi kutengeneza friji kubwa ya kina mama wauza samaki, ambao mwenyekiti wao ni Sylivia huyu aliyekaa pale. Mitumbwi ilikuwa imefika, samaki wa ngege wamelala kwenye majani juani, kina mama wamesimama kichwani kwangu, nami nikaitazama sindano dakika kumi tu, nikafungulia gesi, na niliporudi nikamwambia kaka nimengoja saa nne. Siku ya tatu friji ilikufa na samaki wote wakaoza, wakatupiwa ndege kaloli. Erifazi aliifungua ile mashine, akaona tundu, akanitazama, kisha akageuka akasema mbele ya kina mama wote, "Musimuulize mutu mwingine, hii ni mukono yangu." Miezi mitatu mizima aliwapelekea barafu kwa pikipiki kila wiki, na jina la fundi mbaya lilimkaa Kasenyi miaka mingi. Jina lile lilikuwa langu, dada Sylivia. Nilikula naye sahani moja miaka kumi na moja na sikufungua kinywa.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi wa Julai 2023 kwa presha, ukaingia kwenye figo, akatibiwa Kasese na Mbarara, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, saa mbili, akiwa nyumbani kwake Bwera, alikata roho mkono wake ukiwa katika mkono wa Jolly.

Wazee walitaka tuzike Jumatatu, na baba mdogo Yonasani alisema, "Tumuzike kesho, hii joto haingojaka mutoto," na sikumlaumu, kwa maana mnaijua Februari yetu. Lakini shemeji alikataa Docus akute udongo, na Docus alikuwa amepiga simu kwamba afande wake, Opio, amemwambia, "Nenda zika baba, siku saba, kisha ripoti," na kwamba kwa mabasi ya kutoka Moroto atafika Jumatano jioni. Tukamweka marehemu katika chumba cha maiti cha zahanati moja ya binafsi hapo Bwera, ambacho mtambo wake wa baridi aliufunga yeye mwenyewe mwaka 2019.

Jumanne saa moja asubuhi mhudumu wa chumba hicho, Rahmah, alinipigia, "Kuya mbio, frigo ya kaka yako iko inatoa moto," nami nilipofika nikakuta bomba limepasuka na gesi yote imekwisha. Baba mdogo akasema basi, tuzike leo. Nilimwomba anipe hadi jioni, na moyoni sikujua ninaomba kwa nguvu gani, maana tangu Kasenyi kila nikishika geji siiamini mikono yangu. Habari zikamfikia Sylivia, na kabla ya saa tano pikapu ilifika kutoka ziwani imejaa barafu, tukaipanga kumzunguka kaka, na Sylivia, aliyekuja nayo, akanipa pole na kunishika bega, hajui anamshika nani.

Nilichomelea bomba, nikavuta hewa, nikafunga koki, nikakaa. Dakika ya kumi na tano sindano ilikuwa imepanda unywele mmoja. Nje wanauliza kama tayari, barafu inayeyuka, maji yanatoka chini ya mlango, nami nawaambieni ukweli, mkono wangu ulienda kwenye mtungi wa gesi, ulifika, uliugusa. Kisha nikaurudisha. Nikajaza presha, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, likachemka kwa hewa iliyovuja kwenye kiungo cha nyuma, nikakichomelea upya, nikaanza tena tangu mwanzo. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja nilikaa mbele ya ile sindano, sikula, sikumjibu mtu, na haikusogea. Hapo ndipo nilipofungulia gesi. Jumatano jioni Docus aliingia akiwa na magwanda yake, akapiga saluti, kisha akalia kama mtoto, na uso aliouona ulikuwa uso wa baba yake, haukuharibika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, mhudumu Rahmah, afande Opio aliyetoa ruhusa, majirani waliopika na kuchimba, mafundi wenzetu wa Kasese waliofunga karakana leo, na kina mama wa Kasenyi kwa barafu ambayo sikustahili. Kituo cha afya kimeniuliza nani ataangalia friji ya chanjo, nami nimewaambia wasubiri wasikie haya kwanza, kisha waamue, na wakinichukua, wasiondoke mbele yangu kabla hawajaniuliza sindano imekaa saa ngapi.

Kaka Erifazi, ulibeba jina langu, leo nimelichukua mbele ya watu wote. Pumzika kwa amani, usihangaike tena na mashine za watu. Sindano imetulia, nimeingoja mwenyewe saa nne.